MREJESHO: Ardhilhali ya vituo vya kulelea watoto sokoni

Ahsanteni kwa majibu. Niliuliza akina mama wa soko la Kongowea, Mombasa, waanzie wapi kudai sheria ya vituo vya kulelea watoto kwa ardhilhali, yaani ombi rasmi kwa bunge.

Aliyesema tusiende Nairobi kwa Bunge la kitaifa alisema kweli: Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya limeipa kaunti jukumu la vituo hivyo, na kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamruhusu yeyote kuomba bunge la kaunti litunge sheria.

Kazi iko kwenye karatasi za sahihi. Tulifuata mpangilio wa ardhilhali za Bunge la kitaifa, na rasimu ya kwanza ilituharibikia: kichwa cha ombi kilikuwa ukurasa wa kwanza tu, na majina mawili yamefutwafutwa kwa kalamu. Karatasi ya sahihi isiyo na kichwa haionyeshi watu wametia sahihi jambo gani. Sasa kila karatasi ina kichwa, jina, nambari ya kitambulisho, anwani, na sahihi au dole gumba. Wino wa muhuri ukizidi, alama hugeuka doa. Gusisheni kidogo tu.

Pia tajeni mlikokwisha kulalamika, na kama kuna kesi mahakamani. Kiswahili kinakubalika. Tunamkabidhi karani wa bunge la kaunti Jumatatu.