Naomba ushauri: bumu (pesa ya mkopo ya kujikimu chuoni) la siku 60 lidumu vipi kwa kijana anayeanza chuo?

Habari zenu wakuu. Kijana anaingia mwaka wa kwanza, mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu Tanzania) umetoka. Posho ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, na bumu la siku 60 likiingia kwa mkupuo ni 600,000. Wengi wiki ya tatu wameshachacha, wanaanza kukopa kwenye simu.

Nimemwambia siku hiyohiyo alipe pango la miezi miwili, anunue mchele kilo 10, unga na mafuta; inayobaki aigawe kwa wiki 10, si 8, maana bumu huchelewa. Kinachonitatiza ni makato: akitoa kidogo kidogo kwa wakala yanamla, akitoa zote zinaishia mfukoni. Wenye vijana chuoni, wa kwenu wanaziweka wapi?