X-Trail ya petroli, X-Trail ya dizeli, Forester au RAV4: injini na giaboksi ipi kwa njia ya Njombe?

Mparachichi wa Njombe aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, ninaishi Njombe mjini na nina shamba la parachichi upande wa Ludewa, ambako kipande cha mwisho cha barabara ni udongo mwekundu unaogeuka utelezi mtupu wakati wa masika. Mara kwa mara pia ninashuka Dar es Salaam, safari ya takribani kilomita 700, nikipita Mlima Kitonga na gari likiwa limejaa watu na mizigo. Nimeamua kuagiza kutoka Japani gari la juu lililotumika, na baada ya kuchuja nimebakiwa na manne: Nissan X-Trail T31 ya petroli ya 2.0, X-Trail hiyohiyo ya dizeli, Subaru Forester ya mwaka 2011 au 2012, na Toyota RAV4 ya 2.4. Yote nayataka ya otomatiki, kwa sababu mke wangu naye ataliendesha na hapendi gia za mkono. Ninachoomba kueleweshwa ni injini na giaboksi tu, si rangi wala viti. Je, CVT, ile otomatiki isiyo na gia zilizopangwa, ni mbaya kama inavyosemwa vijiweni? Na dizeli ya kisasa inastahimili mafuta yetu? Naomba hoja, si ushabiki wa chapa.

Fundi Giaboksi, Mbeya, alijibu:

Ndugu, usinunue kwa jina la gari, nunua kwa namba ya chesisi. Matangazo mengi huandika AT kwa kila gari lisilo na klachi ya mguu, iwe ndani yake mna otomatiki ya kawaida au CVT, na hapo ndipo wengi wanapopotea. RAV4 ya ACA31 iliyouzwa Japani na Toyota Harrier ya ACU35 zina injini ileile, 2AZ-FE ya cc 2,362, lakini RAV4 hiyo ina CVT ilhali Harrier ina otomatiki ya gia nne. Vivyo hivyo kwa X-Trail T31: NT31 ni petroli ya 2.0, yaani injini ya MR20DE, na karibu zote zilizo otomatiki ni CVT; TNT31 ni petroli ya 2.5, DNT31 ndiyo dizeli, yenye injini ya M9R.

Kuhusu CVT yenyewe, vijiwe vinasema nusu ya kweli. Giaboksi hiyo haina gia zilizopangwa; ina mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazobana na kuachia, na kinachozibana ni shinikizo la mafuta. Kwa hiyo mafuta pale si kilainishi tu, ndiyo yanayoshikilia kazi nzima. T31 imeandikiwa mafuta maalumu ya CVT yaitwayo NS-2, na mtu akimimina haidroliki yoyote kwa kuwa ndiyo aliyoikuta dukani, mkanda huteleza, hukwangua puli, na vumbi la chuma likaenda kuziba vali. Adui wa pili ni joto. Ukipanda Kitonga nyuma ya malori, ukikanyaga na kuachia kwa muda mrefu huku gari limejaa, mafuta hupata moto na kompyuta hupunguza nguvu ili giaboksi isiungue. Hapo haijafa, lakini jambo hilo likijirudia kila safari umri wake unapungua. CVT iliyobadilishiwa mafuta sahihi kila kilomita 40,000 hivi na isiyobeba mizigo mizito milimani hudumu. Ila wewe unaieleza njia ambayo ndiyo isiyoipenda.

Jambo ambalo wanunuzi wa nyanda za juu hulisahau ni hewa. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Nguvu farasi 137 za MR20DE, huko kwenu, zinabaki kama 110, na CVT itaizungusha injini kwa kasi kubwa ili kufidia. M9R ina turbo, farasi 173 na nguvu ya kuvuta ya Nm 360 dhidi ya Nm 200 za ile ya petroli, na mwinuko hauisumbui sana.

Pamoja na hayo, mimi ningechukua Forester SHJ isiyo na turbo, iliyotengenezwa baada ya Oktoba 2010. Ina injini ya FB20 inayotumia cheni ya taimingi, wakati EJ20 iliyotangulia hutumia mkanda unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Otomatiki yake ni ya gia nne, ya kizamani na yenye ulafi kidogo wa mafuta, lakini kila fundi mzoefu wa giaboksi anaijua. Usivuke kwenda SJ, toleo jipya la Forester la mwisho wa 2012, bila kujua kuwa otomatiki zake ni CVT.

Mama Ilula alijibu:

Namheshimu Fundi, ila hapa simuungi mkono. Ninaendesha DNT31 kati ya Iringa na Dar es Salaam na Kitonga naipanda bila kuikamua, kwa sababu nguvu ya dizeli ipo tangu mizunguko ya chini na giaboksi yake ni otomatiki ya kawaida ya gia sita. Uwe mwangalifu na mwaka: dizeli hiyo ilipotoka 2008 ilikuwa na gia za mkono pekee, otomatiki ikaongezwa 2010, kwa hiyo kwa ajili ya shemeji tafuta ya kuanzia hapo.

Kuhusu mafuta, hofu nyingi ni za zamani. Tangu Januari 2015 dizeli inayoingia Tanzania ni ya salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Japani ni sehemu 10, kwa hiyo pengo lipo. Uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa nao umepungua tangu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ianze kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta halali) mwaka 2010 na kodi ya mafuta ya taa kupandishwa mwaka uliofuata. Lakini pampu ya presha kubwa na nozeli hazisamehi: mafuta ya taa hayana ulainisho, nayo husaga pampu kimyakimya. Jaza kwenye vituo vyenye wateja wengi na ubadilishe chujio la dizeli mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Kasoro yake halisi ni chujio la masizi kwenye ekzosi. Linajisafisha gari likikimbia mfululizo kwa muda wa kutosha. Gari linaloishia sokoni na shuleni litaziba tu. Kwa safari zako, sioni tatizo.

Wakala wa Bandarini alijibu:

Niongeze la kodi. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa gari linalozidi cc 1,000 lakini lisilozidi cc 2,000 na asilimia 10 likizidi hapo, na VAT ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya jumla. M9R na FB20 zote ni cc 1,995, zinapita chini ya mstari. RAV4 yako ya 2.4 iko juu. Ushuru wa uchakavu utayapata yote manne kwa umri wake.

Mzee wa Escudo alijibu:

Mnabishana giaboksi mkiwa juu ya lami. Huyu bwana ametaja udongo mwekundu wa Ludewa, na hakuna hata moja kati ya hayo manne lenye gia ya chini ya kupandia matope. Suzuki Escudo ya TDA4W, 2.4 yenye otomatiki ya gia nne, inayo, pamoja na kufunga difu ya kati. Inakunywa petroli, sikatai, na kodi yake ni ile ya asilimia 10.

Mparachichi wa Njombe aliandika tena:

Nashukuruni sana. Mzee, shikamoo; siku za tope zito huwa natumia pikipiki ya shamba, kwa hiyo Escudo nimeiweka kando. Nimeelekea DNT31 ya 2010 au baadaye, na Forester ikiwa ya akiba. Wapo wauzaji Dar es Salaam wenye zilizokwisha kuingia. Nikienda kuzijaribu, niangalie nini?

Fundi Giaboksi, Mbeya, alijibu:

Fika asubuhi na umwambie muuzaji asiliwashe kabla yako, maana injini ikishapata moto huficha sauti nyingi. Sikiliza cheni sekunde za mwanzo. Kisha uendeshe kwa nusu saa angalau, kwa sababu otomatiki iliyochoka hujificha ikiwa ya baridi. Ukiwa umesimama, toa R kwenda D: likichelewa au likigonga, achana nalo. Panda kilima ukikanyaga nusu. Mizunguko ikipanda na mwendo ukabaki palepale, gia zinateleza. Kwa dizeli, unganisha kompyuta ya fundi usome kiwango cha masizi kwenye chujio na mara ya mwisho lilipojisafisha. Muuzaji akikataa kompyuta isichomekwe, hapo umeshapata jibu, nenda kwa wa pili.