Tupeane uzoefu: mtaani kwenu mlianza na picha gani, na upepo uligeuka lini?

Fundi Deki
Wakuu habari za jioni. Leo nilikuwa napanga stoo nikakutana na deki yangu ya zamani, ile ya mikanda mikubwa, panya wamezalia humo ndani. Nikakaa chini kabisa, mke wangu akadhani nimeumwa. Mimi nimeendesha banda la video Manzese kuanzia 1993, bara huku tulikuwa hata TV hatuna (vituo vimeanza 1994), kwa hiyo ukiwa na deki na skrini ya inchi 21 wewe ni waziri mtaani. Ratiba yangu ilikuwa haibadiliki, saa nane mchana picha la ngumi, saa kumi Anold au Rambo, saa mbili usiku Kihindi kwa sababu Kihindi masaa matatu na wenye masaa matatu ni watu wazima. Ukithubutu kuweka Kihindi mchana watoto wanadai hela yao.

Basi kwenye 2003, 2004 hivi wateja wakaanza, "mzee, Mnaijeria hamna?" Nikawabeza. Nikasema hizo picha hata ngumi hazina, watu wanakaa kwenye makochi wanagombana. Haukupita mwaka benchi zangu zikabaki na vumbi. Nataka kusikia wenzangu, kwenu mlihama lini na mlihamia wapi.

Ngumi Jiwe
CHONG LI, adui wa Van Damme kwenye Bloodsport!!! Aisee umenikumbusha mbali. Yule jamaa anavyotikisa kifua nilikuwa silali. Darasa la nne nilipanda ukuta wa choo cha jirani nikaruka nikijua natua kama Van Damme, nikatua kama gunia la mkaa. Mkono pande mbili. Plasta wiki sita, na mama kila akiniogesha ananiambia "muite sterling wako aje akusugue mgongo".

Kava la Mkanda
Huyo Chong Li ndo yule yule Bolo wa kwenye picha ya Bruce Lee ya 1973, Enter the Dragon. Jina lake Bolo Yeung.

Ngumi Jiwe
Usitudanganye mkuu. Yule wa Bruce Lee alikufa mule mule ndani, tuliona wote. Chong Li ni wa 1988. Atakuwaje mtu mmoja?

Kava la Mkanda
Wewe ulivunjika mkono au kichwa?

Shemeji wa Ilala
😂😂 namba moja wa uzi huu tayari kapatikana

Mama Wawili
Nimesoma hapo juu "upepo uligeuka" nikacheka. Kwenu nyie ndo uligeuka. Sisi wasichana banda hatukuwahi kukanyaga, ukionekana umetoka kule jioni unapigwa na mama, na baba akirudi unarudiwa. Banda lilikuwa la wavulana, moshi wa sigara na harufu ya miguu. Mimi ngumi nimezijua kwa kaka zangu, wanakuja kutuonyeshea kwenye migongo yetu. Mama zetu walibaki na Kihindi tu, tena wanakisimulia cha enzi zao za kwenda sinema Avalon na Empire kabla hazijadoda, wamevaa viatu vya kuchuchumia, wanalia na leso.

TV ilipoingia sebuleni, halafu zikaja hizo CD za Kinaijeria za kukodi, ndo mara ya kwanza maishani namuona mama yangu anatoa hela YAKE kuchagua kitu cha kuangalia. Anaifunga kwenye ncha ya khanga, ananituma, "niletee ile ya mama mkwe mbaya, part one na part two". Kwa hiyo Fundi Deki usiseme watu walichoka ngumi. Waliokuwa hawajaulizwa ndo waliulizwa.

Fundi Deki
Mama Wawili umenipiga ngumi ya Chong Li hapo. Kweli, kwangu benchi mwanamke aliyekuwa anaingia ni muuza karanga peke yake.

Mtoto wa Igoma
Mimi sina la kuchekesha samahanini. Hizo za Kinaijeria mnazisema kirahisi tu.

Ilikuwa 2006, nipo darasa la sita Mwanza, likizo napelekwa Kwimba kwa bibi mzaa baba. Nina binamu yangu, mtoto wa baba mdogo, miaka mitano, alikuwa anaumwa umwa toka mdogo, vidole vinavimba, analia mifupa usiku kucha, akipona wiki mbili anarudi tena. Baba mdogo alikuwa na duka pale senta na senta kulikuwa na banda linaendeshwa na jenereta. Mwanzoni lilikuwa la ngumi na Rambo kama mnavyosema, halafu ikawa Naijeria kila siku, zile za mtu anatoa kafara ndugu yake anapata utajiri, kikongwe anageuka paka, kuna chungu na kioo na mtoto anatapika misumari. Baba mdogo alikuwa hakosi. Anarudi saa nne usiku anatusimulia, na kila akisimulia anamwangalia bibi.

Bibi macho yake mekundu. Kapikia kuni miaka hamsini, kibanda chake hakina dirisha, yangekuwa meupe kwa lipi? Lakini mnajua wenyewe kanda ya Ziwa miaka ile macho mekundu ya kikongwe maana yake nini, watu wamekatwa mapanga kwa hilo tu.

Siku moja mtoto kazidiwa, analia tumbo na mgongo, baba mdogo karudi kutoka bandani, kamkuta bibi anamkanda na maji ya moto kwenye chungu. Chungu. Yule mzee akasimama mlangoni akasema, naikumbuka sauti hadi leo, "ndo hiki hiki, nimekiona sasa hivi kwa macho yangu". Akakipiga teke. Maji yakamwagikia bibi mguuni. Bibi hakulia, aliokota vipande kimoja kimoja akaviweka kwenye ungo, kama vile anachambua mchele.

Asubuhi watu wamejaa uani. Wengine wananong'ona jina la ile picha ya jana yake, wallahi, kama ushahidi. Shangazi yangu wa Kahama akapigiwa simu, akaja na gari ya kukodi usiku, akamchukua bibi na begi moja na ule ungo. Mimi nilijificha nyuma ya ghala, sikumuaga.

Binamu alikuja kupimwa Bugando mwaka uliofuata. Selimundu. Yaani ugonjwa wa kurithi, baba na mama wote wanao kwenye damu. Baba mdogo aliambiwa na daktari akakaa kimya, hadi leo yupo kimya.

Shemeji wa Ilala
Daah.

Mama Wawili
Pole sana mdogo wangu. Nimeacha ugali jikoni umeungua.

Mkongwe wa Tanga
Pole. Lakini tusidanganyane, uchawi upo. Filamu haikuuleta, ulikuwepo kabla ya deki.

Kava la Mkanda
Mtu kaeleza kipimo cha Bugando wewe unaleta uchawi upo. Kuna watu hamfundishiki.

Mkongwe wa Tanga
Sijasema bibi yake mchawi. Nimesema upo. Soma uelewe.

Shemeji wa Ilala
Bibi alirudi? Mtoto wa Igoma jibu basi, usituache hewani kama part one.

Nyali Boy
Pole ya Igoma kutoka Mombasa. Lakini wakubwa, mnaongea picha na hakuna hata mmoja ametaja DJ Afro? Huku kwetu hatukuhama ngumi, tulipata mtu wa kututafsiria. Picha hiyo hiyo ya Mchina ulioiona mara kumi, jamaa akiichukua inakuwa mpya, adui anapewa jina la mtaani kwenu na anatukanwa kwa Sheng.

Ngumi Jiwe
DJ Afro wenu amemkuta Lufufu wetu wa Bongo anatafsiri picha kitambo. Heshima.

Nyali Boy
Hiyo ni yenu ya nyumbani hiyo. Leta Lufufu na DJ Afro ukumbi mmoja tuone nani atauza tiketi.

Ngumi Jiwe
Lufufu alikuwa anakuelezea hadi sterling anachowaza moyoni!!

Kava la Mkanda
Kwani Chong Li alikuwa anawaza nini, kwamba alishakufa 1973?

Mzigo Kariakoo
Nyie mnalilia mabenchi, mimi nalilia mtaji. Baada ya Naijeria ikaja yetu, Bongo Movie, Kanumba na Ray, mnakumbuka foleni? Kava tu likitoka watu wanauliza lini. Nilikuwa na duka la jumla, nauza DVD hadi Lubumbashi na Bujumbura, Wakongo wanakuja wanabeba kwa maboksi. Kanumba akafariki Aprili 2012, ule mwezi niliuza kuliko mwaka mzima, nikajidanganya biashara imekua. Nikachukua mkopo, nikajaza stoo. Kumbe watu walikuwa wanaaga.

Kilichofuata ni flash. Kijana ana kompyuta moja na spika nje ya frem, anakuwekea picha ishirini kwa hela ya DVD yangu moja. Na wenye flash hawataki Bongo, wanataka sizoni, Mkorea, Jumong episodi 81, mtu anaomba ruhusa kazini anasema amefiwa kumbe yupo episodi ya 60. Nina maboksi kumi na manane hadi leo. Watoto wangu wanatundika hizo DVD shambani kufukuza ndege kwenye mtama. Zinafanya kazi vizuri, sitanii.

Mkongwe wa Tanga
Bongo Movie ilikufa na Kanumba. Full stop.

Mama Wawili
Ilikufa kwa zile dakika kumi za gari kuingia getini. Gari linapiga honi, mlinzi anafungua, linaingia, mtu anashuka, anapanda ngazi, anakaa, ananyanyuka kuchukua juisi. Halafu imeandikwa itaendelea part two. Tulivumilia sana.

Mzigo Kariakoo
Dada usinitoneshe kidonda. Hiyo part two ndo ilikuwa inalipa ada ya wanangu.

Shemeji wa Ilala
Ushauri kwa Mzigo: uza hizo kama antiki kwa Wazungu Masaki.

Nyali Boy
Usiuze, weka, vitu vya zamani vinarudi. Ona viatu.

Kava la Mkanda
Choma. Zinajaza stoo na roho. Na Fundi Deki hiyo deki usiitupe, toa panya, safisha kichwa kwa kitambaa laini kisichotoa nyuzi na spiriti, polepole, usisugue kutoka juu kwenda chini utakata kichwa, sugua kwa upande.

Ngumi Jiwe
Deki itupe mzee, mikanda yenyewe ilishaota ukungu.

Fundi Deki
Nimeshaisafisha. Imewaka taa. Mkanda imeutafuna.

Mtoto wa Igoma
Samahani wakuu nilikuwa kazini. Shemeji wa Ilala umeuliza, bibi hakurudi Kwimba. Yupo Kahama kwa shangazi, ana miaka themanini na zaidi, macho alitibiwa yakapoa kidogo. Baba mdogo alienda mara moja na mbuzi kuomba radhi, bibi akampokea mbuzi, radhi hakuitamkia. Mimi naenda kila Desemba.

Kilichonifanya niandike ni kwamba Desemba iliyopita nilimkuta amekaa mbele ya TV, saa yake ikifika hapitiwi mbele. Anaangalia tamthilia ya Kituruki, hizi za masultani zinazosemeshwa Kiswahili. Nikamuuliza bibi unazipenda hizi? Akasema anawapenda kwa sababu wale wakitaka kummaliza mtu wanatia sumu kwenye chakula, hawasingizii.

Mama Wawili
Inaitwaje hiyo na inaanza saa ngapi? Mama mkwe wangu anahamia kwangu wiki ijayo.