Mkono wa kulia unakufa ganzi kila usiku na mkasi umeanza kunishinda: naomba ushauri

Fundi wa Marinda
Ndugu wanajamvi, salaam. Mimi ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka 43, na kazi yangu naifanyia Morogoro mjini. Tangu mwishoni mwa Novemba, tulipoanza kushona sare za shule za Januari, mkono wangu wa kulia umekuwa ukifa ganzi usiku. Huamka kama saa tisa, vidole vikichomachoma kana kwamba nimevitia kwenye siafu, na sipati nafuu mpaka niketi kitandani niukung'ute mkono kama mtu anayekung'uta maji. Mwanzoni ilinitokea mara moja kwa wiki. Sasa ni kila usiku, na hata mchana nikikata kaki kwa mkasi kwa robo saa hivi, ganzi inarudi. Juzi kikombe cha chai kiliniponyoka mbele ya mteja, nikasingizia kwamba kilikuwa na mafuta.

Duka la dawa nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza nilipewa vidonge vya kutuliza maumivu, mara ya pili vidonge vya vitamini B ambavyo nimevimeza wiki tano bila kuona tofauti. Mama mkwe anasema ni upepo mbaya, na jirani yangu ameshahukumu kwamba ni kiharusi kinabisha hodi. Presha nilipima Oktoba ikawa sawa. Sukari sijawahi kupima. Naomba kueleweshwa jambo hili ni nini na nianzie wapi. Nawasilisha.

Mzee wa Kihonda
Pole sana mwanangu. Kabla wengine hawajaja, nikuondolee hofu ya jirani, na papo hapo nikupe tahadhari. Ganzi ya kiharusi kwa kawaida huja ghafla, wala haingoji saa tisa ya usiku kila siku kwa miezi miwili. Hushika upande mmoja wa mwili, na mara nyingi mdomo huenda upande, maneno hukwama, au mguu wa upande uleule hulegea. Siku ukiona hayo, hata kama yamepita baada ya dakika kumi, usilale nayo nyumbani. Nenda hospitali saa hiyohiyo. Hali kadhalika ganzi ya mkono inayoambatana na kifua kubana, jasho jembamba na pumzi kukatika, kwa kuwa hiyo inaweza kuwa ya moyo. Uliyoyaeleza wewe hayafanani na haya.

Tabibu Mstaafu
Dada, nimefanya kazi ya utabibu kwa miaka mingi, na swali langu la kwanza kwa mtu mwenye ganzi ya mkono huwa ni moja: vidole vipi? Watu wengi hujibu «vyote», kwa sababu usingizini hakuna anayehesabu. Usiku wa leo ukiamka, usiukung'ute mkono kwanza. Washa taa, gusa kidole kimoja kimoja, uweke alama palipokufa ganzi, kisha uje utuambie.

Fundi wa Marinda
Shikamoo mzee. Nimefanya ulivyoagiza, na kwa kuwa kalamu sikuiona, nilichukua chaki yangu ya kuchorea vitambaa. Asubuhi nimeutazama mkono nikashangaa. Chaki iko kwenye dole gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati, na kidole cha pete upande mmoja tu, ule unaotazamana na cha kati. Kidole kidogo ni safi kabisa. Inawezekanaje kidole kimoja kife nusu?

Tabibu Mstaafu
Marahaba. Chaki yako imefanya kazi nzuri kuliko maelezo ya wagonjwa wengi niliowahi kuwaona.

Vidole hivyo vitatu na nusu vinahudumiwa na mshipa mmoja wa fahamu unaopita katikati ya mkono. Ukifika kwenye kifundo cha mkono, mshipa huo huingia katika njia nyembamba ambayo chini na pembeni imezungukwa na mifupa midogo, na juu imefunikwa na utepe mgumu. Humo ndani haumo peke yake: umebanana na kano tisa zinazokunja vidole. Kano zikivimba kidogo kwa kukaza mkono kutwa, mifupa haisogei, utepe haunyumbuki, na anayebanwa ni mshipa wa fahamu. Kidole kidogo na nusu ya pili ya kidole cha pete hutumia mshipa mwingine, ambao haupiti katika njia hiyo, ndiyo maana vimesalimika. Usiku hali huzidi kwa sababu wengi wetu hulala tumekunja kifundo bila kujijua, na njia ikikunjwa huzidi kuwa finyu.

Jaribu jambo moja: kutanisha migongo ya viganja vyako mbele ya kifua, vidole vikielekea chini, ukae hivyo kwa dakika moja. Ganzi ikija katika vidole vilevile, dhana hiyo inapata nguvu, ingawa haithibitishi ugonjwa kwa asilimia mia. Kisha tazama nyama iliyo chini ya dole gumba na uilinganishe na ya mkono wa kushoto. Kama imesinyaa, usichelewe, kwa maana mshipa uliobanwa muda mrefu unaweza usirudi hali yake hata ukifunguliwa.

Hatua ya kwanza si kubwa. Tafuta gango la kifundo, wengi huliita saporti, lile lenye chuma kinachonyoosha kifundo bila kukikunja mbele wala nyuma, ulivae usiku kwa wiki sita. Lisikubane. Pamoja na hayo nenda ukapimwe sukari, na daktari akiona haja, homoni za tezi ya shingo, kwa sababu kisukari na upungufu wa homoni hizo huandaa mazingira ya mshipa kubanwa. Gango likishindwa ipo sindano ya kupunguza uvimbe, na mwisho upasuaji mdogo wa kukata ule utepe.

Dereva Mstahimilivu
Nimeisoma hii nikagundua kwamba changu ni kile kingine. Mimi ganzi yangu ni ya kidole kidogo na nusu ya cha pete, na kwa miaka nimeendesha gari nikiwa nimeegemeza kiwiko dirishani. Daktari alinigonga nyuma ya kiwiko, pale mahali ambapo ukijigonga unaruka, na ganzi ikateremka mpaka kidoleni. Aliniambia niache kuegemea na nisilale nimekunja kiwiko, basi usiku ninakifunga taulo ili kisikunjike. Nafuu ipo, ingawa ilichukua miezi.

Tabibu Mstaafu
Sawa kabisa. Ila daktari akikuta mshipa huo wa nyuma ya kiwiko umenenepa kama kamba, na mgonjwa ana baka la ngozi lililopauka ambalo halihisi mguso, lazima afikirie ukoma. Haujaisha nchini, dawa zake hutolewa bure, na tiba ni ya miezi sita au kumi na miwili.

Bint Ngamiani
Kwangu haikuwa mkono mmoja. Ilianza nyayoni, ikapanda, kisha viganja vyote viwili, wakati nikiwa kwenye dawa za kifua kikuu. Muuguzi aliponiuliza kama nameza kidonge kidogo cha vitamini B6 kinachotolewa pamoja na dawa hizo, nikakumbuka kwamba nilikiacha nikidhani ni cha hamu ya kula. Isoniazidi, mojawapo ya dawa hizo za kifua kikuu, humaliza vitamini hiyo mwilini. Kwa hiyo mwenye ganzi pande zote mbili aseme dawa zote anazotumia, hata metformini ya kisukari, ambayo ikitumiwa miaka mingi hupunguza vitamini B12.

Mkunga Dawa
Mnamzungusha bure. Apigwe chuku begani na akandwe shingo kwa nguvu mpaka ilie. Damu ikitoka, ganzi inatoka.

Tabibu Mstaafu
Ndugu yangu, sikubaliani nawe hata kidogo. Tatizo liko kwenye kifundo, chuku begani itatoa nini? Ingekuwa shingo, maumivu yangeshuka kutoka shingoni hadi mkononi na kuzidi anapogeuza kichwa, na wengine hupata nafuu wakiweka kiganja juu ya utosi. Shingo ya namna hiyo ndiyo hasa haitakiwi kuvutwa wala kualishwa na asiye na ujuzi. Nawe dada, vile vidonge vya vitamini usiendelee navyo bila kipimo. Vitamini B6 kwa wingi na kwa muda mrefu yenyewe huharibu mishipa ya fahamu na kuleta ganzi.

Fundi wa Marinda
Narudi baada ya wiki nne, kama nilivyoahidi kimoyomoyo. Sukari kabla ya kula ilikuwa 5.2, daktari akasema ni ya kawaida. Nyama ya dole gumba haijasinyaa. Vidonge nimeacha, na gango navaa kila usiku, japo wiki ya kwanza nililichukia na kulivua usingizini bila kujua. Mkasi nimemkabidhi binti yangu, mimi nabaki na cherehani, na kaki tunaikata tabaka mbili badala ya sita. Wiki iliyopita nimeamka usiku mara mbili tu. Kutunga uzi kwenye sindano bado kunanichukua muda, kwa hiyo daktari amenipa tarehe ya kurudi wiki ya sita ili aamue kuhusu sindano. Jana usiku nimechora tena kwa chaki: gumba na shahada vimebaki safi, cha kati kina alama nchani, na ile nusu ya kidole cha pete bado.