Wakili wa kesi za ndoa kuhama Dar kwenda Masasi, kuna maisha?

Wakili_Kitambo: Wakuu, habari za jioni. Ni wakili, zaidi ya miaka kumi nafanya kesi za familia tu: talaka, mgawanyo wa mali, malezi ya watoto, mirathi. Mama yuko peke yake Masasi, nawaza kufungua ofisi kule. Hofu yangu ni wateja. Huku mtu anakuja na hati za nyumba na kadi ya gari. Kule watagombania nini?

Korosho Ghafi: Hujawahi kuona ndugu wakihesabu mikorosho, mkuu! Shamba karithi mume, lakini mke kapalilia na kupulizia dawa miaka yote. Siku ya kuachana mashemeji wanakuja juu: ardhi ya ukoo hii.

Ming'oko: Wakili mwenzio, Mtwara mjini. Hiyo ndiyo ugali wetu. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinagusa hata mali ya kabla ya ndoa, ikiwa imeendelezwa kwa jasho la wote wawili. Na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, kazi za nyumbani nazo ni mchango. Kasheshe ni ushahidi. Nani alipanda, lini, na kule AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, korosho zinapokelewa kwa jina la nani? Mara nyingi la mume. Utavaa buti uende shambani ukaongee na majirani wa mpakani. Rufaa zisikutishe, Mahakama Kuu ipo hapahapa Mtwara.

Dada wa Kata: Msaidizi wa kisheria, Newala. Kaka, wateja wako wengi wataanzia bodi ya usuluhishi kule kata, maana kwa kawaida bila Fomu Namba 3, cheti cha bodi kwamba usuluhishi umeshindikana, shauri la talaka halipokelewi. Wakitoka hapo ni Mahakama ya Mwanzo, na wengi wanajisemea wenyewe. Wewe watakutafuta mambo yakishaharibika. Halafu usije na bei za Posta, katikati ya Dar.

Wakili_Kitambo: Kulipa je?

Korosho Ghafi: Minada ya korosho ikianza Oktoba, hela za wakulima zikiingia, utalipwa vizuri tu. Machi usimdai mtu, mtakosana bure.

Ming'oko: Kweli kabisa. Miezi hiyo mimi naishi kwa mirathi. Ofisi ya Dar usiifunge kwanza, mtafute mwenzio aishike. Njoo msimu mmoja ukae na mama, upime.

Dada wa Kata: Ukifika nicheki PM. Kuna akina mama wana hukumu mkononi na siku za rufaa zinayoyoma.