Sauti ya tatu inatokea hata nikifukua kopo: nakosea wapi?

Mwl_Beseni:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha fizikia kidato cha tano hapa Morogoro. Wanafunzi wangu wamezoea habari za panya buku wa pale SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) wanaonusa mabomu ya kutegwa ardhini, wakaniuliza kama sauti nayo inaweza kuyatafuta. Nikasoma kazi za Dimitri Donskoy, mtafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya Stevens, Marekani: piga sauti mbili juu ya udongo, na bomu la plastiki lililofukiwa litaitika kwa sauti ya tatu, ambayo masafa yake (mitetemo kwa sekunde, yaani Hz) ni ya moja ukitoa ya nyingine. Jiwe haliitiki hivyo.

Basi nimejaza beseni mchanga wa mtoni, mkavu, uliochekechwa. Nikafukia kopo tupu la siagi, la plastiki, sentimita 3 chini. Juu nimening'iniza spika moja ya redio inayopiga 180 Hz na 230 Hz kwa pamoja. Kwenye mchanga nimelaza kile kisahani cha ndani ya buza kinase mtetemo, waya hadi kwenye kompyuta. Nikapata 50 Hz safi kabisa, darasa zima likapiga makofi. Nikafukua kopo. 50 Hz ipo palepale!

fundi_wa_Temeke:
Mwalimu, 230 toa 180 ni ngapi? Na umeme wa ukutani una Hz ngapi? Zima spika kwanza, halafu urudi hapa 😂

Mwl_Beseni:
Aisee. Nimezima, na 50 bado inanicheka, kumbe ni ya umeme wa ukutani. Nimechomoa chaja, natumia betri, na sauti sasa ni 180 na 247. 67 Hz inaonekana, lakini kopo liwepo lisiwepo ni sawa tu.

Mtetemo:
Sasa ni spika yako. Koni moja ikibebeshwa sauti mbili inazichanganya yenyewe, kwa hiyo 67 inazaliwa kabla ya kufika mchangani. Tafuta spika mbili, kila moja na amplifaya yake.

Unachokitafuta ni hiki: mfuniko wa kopo unanesa kama ngozi ya ngoma, na mchanga umelala tu juu yake, haukugundishwa. Sauti ikikandamiza, vyote hushuka pamoja. Ikivuta, vinaachana kidogo. Kwenda na kurudi havifanani tena, na hapo ndipo sauti mbili zinapochanganyika. Ila usitarajie sifuri bila kopo. Punje za mchanga nazo hugusana na kuachiana, kwa hiyo mchanga mtupu hutoa kidogo.

Halafu usibahatishe masafa. Anza na sauti moja, ipandishe polepole kutoka 80 hadi 400 Hz, uone kopo linaitikia wapi zaidi. Zile mbili ziweke pembeni mwa hapo.

mchokonoaji_mstaafu:
Nilifanya kazi ya kutafuta mabomu ya ardhini Msumbiji, kabla nchi haijatangazwa kuwa safi mwaka 2015. Kigunduzi cha chuma kinalia kwa msumari, kwa kizibo cha soda, kwa ganda la risasi, na kila kikilia unapiga magoti na kuchokonoa kana kwamba ni bomu. Kifaa cha kutofautisha msumari na kitu kinachonesa ningekipokea kwa mikono miwili. Lakini mchanga wako umechekechwa, mwalimu. Kule kuna mizizi, nyasi, mvua ya jana. Na panya mmoja anamaliza eneo la uwanja wa tenisi kwa nusu saa hivi.

Mwl_Beseni:
Mrejesho. Spika ya pili nimeazima kwaya. Kopo liliitikia zaidi karibu na 140 Hz, nikaweka 110 na 171. Bila kopo, 61 Hz inaonekana kwa kutafuta. Nikilirudisha, inasimama yenyewe! Jiwe la ukubwa uleule halikuongeza kitu. Kisha binti mmoja wa mstari wa nyuma, bila kuniuliza, akamwagia beseni jagi la maji, na ile 140 ikahama. Kesho tunaitafuta upya, maana kwaya wanataka spika yao Jumapili.