Mafundi vigae, nani aliwatuma kuziba kichujio cha bafu kwa saruji?

Wakuu, naandika mikono yangu bado inanuka, kwa hiyo lugha mtanivumilia.

Wiki tatu nzima nimeoga nikiwa nimesimama dimbwini. Mwanzo maji yalikuwa yanakawia tu, ukimaliza kujifuta yameshakwenda. Baadaye yakanifika vifundoni, na povu la jana asubuhi linakusubiri. Nywele hizo, nani asiyejua? Kichwa kimoja hupukutisha nywele 50 hadi 100 kwa siku, na humu ndani tupo wanne, wawili nywele zao zinafika mgongoni. (Mimi nina kipara. Naomba hilo liingie kwenye kumbukumbu.) Nywele hizo zikikutana na utando wa sabuni ya kipande, hasa pale maji yakiwa na chumvichumvi, unapata kamba ya katani iliyopakwa mafuta.

Dawa yake si siri. Unafungua kichujio, unaingiza waya uliokunjwa ncha kama ndoana, unavuta, unaziba pua, kwisha habari. Dakika kumi. Sasa mimi nikainama na bisibisi yangu, natafuta skrubu. HAKUNA SKRUBU. Kichujio kimezikwa kwenye sakafu, kimezungushiwa saruji pande zote, juu yake kikapigwa grauti (ule uji wa saruji wa kujazia nafasi kati ya vigae) ya rangi ileile ya vigae. Fundi aliona kinapendeza. Na kweli kinapendeza, hata ukucha haupiti. Vitundu vyenyewe njiti ya kiberiti inaingia kwa kubembelezwa.

Yaani bafu zima lina kitu kimoja tu ambacho lazima kifunguliwe kila baada ya muda, na hichohicho ndicho alichokifunga milele!

Mtu ukishafungiwa njia ya kuvuta, unabaki na njia ya kumimina. Hapo ndipo ninapogombana na kundi la pili, mabingwa wa bekingi soda na siki. Mlisema nusu kikombe cha hiki, nusu kikombe cha kile, funika kwa kitambaa, subiri. Nikasubiri. Ikafoka vizuri, watoto wakapiga makofi. Lakini hebu tutumie akili: siki ni asidi, soda ni kinyume chake, zikikutana zinamalizana zenyewe kwa zenyewe. Kinachobaki ni maji yenye chumvi na gesi ileile inayotoka kwenye kinywaji cha chupa. Unywele haujaguswa. Nilirudia mara nne, na mara ya nne nilikuwa najua kabisa ni upuuzi, ila mfa maji haachi kutapatapa.

Mwingine akashauri maji yanayotokota. Huyo nilimkatalia. Mabomba mengi ya bafuni ni ya plastiki ya PVC, ambayo huanza kulegea kwenye nyuzi 80 hivi, nawe unamwagia maji ya nyuzi 100? Maji ya moto ya kawaida, yale mkono unavumilia, yanatosha kulainisha sabuni.

Pampu ya mpira, ile ya mpini, niitendee haki: ilinipa nafuu ya siku mbili. Ila hakikisha maji yamefunika ukingo wa mpira, la sivyo unasukuma hewa tu na kujichosha mgongo. Na kostiki soda, ile kemikali kali ya kuzibulia mabomba, nayo hula nywele kwelikweli, sibishi. Niliitumia nikiwa na glavu na miwani, dirisha wazi, kipimo kilekile cha kwenye kopo. Maji yakaenda haraka kidogo, halafu yakagoma tena palepale. Sikuelewa kwa nini. Leo naelewa, subirini.

Kabla ya leo nikamwita fundi bomba. Kaja na chupa isiyo na lebo. Hakuja na waya, hakuja na springi ya kuzibulia, hata koleo hana. Fundi bomba! Wala hakuuliza kama nimeshamwaga kitu humo ndani. Nikamuuliza mimi hiyo ni nini, akajibu, "Hii asidi inakula kila kitu, bosi." Wakati huo maji yenye kostiki yalikuwa bado yametuama kwenye bomba. Asidi kali ukiimwagia juu ya kostiki, joto linapanda ghafla na mchanganyiko unaweza kukurukia usoni. Na kama ingekuwa ni blichi ndiyo imemwagwa mle, asidi ingetoa gesi ya klorini, tukaanza kutafutana kwa kukohoa. Nikamwomba aondoke na chupa yake. Akanuna, akasema wateja wa siku hizi mnajifanya mnajua.

Basi leo nimechukua tindo na nyundo. Nimeichonga ile grauti polepole, saa nzima nimepiga magoti, na bado kigae kimoja kimepata ufa. Kichujio kikatoka. Nikavuta kile kinyama cha nywele, urefu kama mkono mpaka kiwiko, sitaeleza zaidi kwa sababu kuna watu wanakula. Nikafungulia maji. Yakaenda kidogo, yakasita.

Nikamulika kwa tochi. Kwenye ile kona ya bomba iliyopinda, ile inayobakiza maji ili harufu ya mtaro isipande ndani, kuna jiwe. Nikaligusa kwa bisibisi. Grauti! Rangi ya sakafu yangu kabisa! Yule bwana alipomaliza kazi aliosha ndoo zake bafuni kwangu, uji wa grauti ukashuka, ukatulia penye kona, ukaganda. Nusu ya njia imezibwa tangu siku ya kwanza, na kila unywele unaopita unanasa kwenye yale makwaruzo. Ndiyo maana kostiki iligoma. Inakula nywele, jiwe lile haliwezi. Kisha, baada ya kuniachia jiwe kooni, akanishonea mdomo kwa saruji nisiweze kulitoa.

Nimelimega kipande kwa kipande na kuvitoa kwa mkono, maana ukiviacha vishuke vitakwenda kukaa kwenye kona ya mbele zaidi ambako hutavifikia. (Na kabla hujaniandikia kwamba bora ningeikata hiyo kona niweke bomba lililonyooka: jaribu kwako kwanza, ulale na hiyo harufu.) Sasa hivi maji yanashuka kwa kuzunguka, mpaka yanapiga mluzi. Nimeweka kichujio cha kunyanyua kwa kidole na chini yake kikapu kidogo cha wavu. Wenye nywele wameshapangiwa zamu.

Kwa hiyo mafundi vigae mliomo humu, na najua mpo, nina maswali mawili tu. Kichujio chenye skrubu kinawakera nini? Na ndoo zenu mkimaliza kazi huwa mnaziosha wapi?